Mwalimu, hiyo ni kokoro

Igombe, Mwanza
Machi

Mpendwa Mama Junior,

Mwangaluka. Huku tu wazima, mvua zinanyesha na dagaa wameshuka bei. Ujumbe wako niliusoma nikaona simu haitatosha, bora nikuandikie.

Kwa hiyo wamekupa somo la dini ufundishe. Ndivyo inavyokuwa kwenye hizi shule zetu za kanisa: anayeonekana ana vipindi vichache ndiye anayeangukiwa. Unasema wewe ni mtu wa Hisabati, Biblia unaijua ya kwaya tu, na mkuu wa shule amekukabidhi orodha ya mistari ya kukaririsha hadi Juni. Hiyo orodha iweke kabatini kwanza, nikusimulie.

Majuzi nilikuwa na darasa la sita, Mathayo 13, ule mfano wa juya lililotupwa baharini likakusanya kila namna. Lilipojaa wakalivuta pwani, wakaketi, wazuri wakawatia vyomboni na wabaya wakawatupa. Nikachora ubaoni: wavu mrefu umezungushwa majini, watu wamesimama ufukweni huku na huku wanavuta kamba. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye baba yake ana mtumbwi, akanyoosha kidole. "Mwalimu, hiyo ni kokoro."

Darasa likalipuka. Kokoro imepigwa marufuku, na watoto wa mwaloni, huku mitumbwi inakoshushia samaki, wanajua habari za nyavu haramu kuchomwa moto kuliko wanavyojua jedwali la saba. Wengine iliyochomwa ilikuwa ya nyumbani kwao. Sasa ufalme wa mbinguni unafananaje na kitu ambacho maofisa wa uvuvi wakikukuta nacho unalala ndani?

Sikujibu. Niliwauliza kwa nini imekatazwa, na hapo ndipo nilipogeuka mwanafunzi. Inakomba kila kitu, wakasema. Inavuruga mazalia ya sato. Inaleta sangara wa kiganja wakati sheria inataka kuanzia sentimita 50. Binti mmoja, ambaye kwa kawaida hata "naam" haimtoki, akauliza: "Kwa hiyo wale wabaya waliotupwa ni wachanga?" Mwenzake akamjibu kwamba siku hizi wachanga hawatupwi, wanakaangwa. Tukacheka. Nikawarudisha kwenye mstari: hao wavuvi walichagua samaki wakati gani? Wakasoma tena. Walipoketi. Pwani. Yule kijana wa nyuma akasema, kama anayeeleza jambo ambalo hata mtoto wa chekechea analijua, "Majini huwezi kuchagua, mwalimu. Mpaka uvute ufike nchi kavu."

Mama Junior, kuna wahubiri wanaohitaji saa nzima na spika mbili kufika hapo, na wengine hawafiki. Nilichofanya mimi ni kuwauliza tu: basi kati yetu humu darasani, nani ameanza kuchagua samaki tukiwa bado majini? Wakaanza kutazamana. Kulikuwa na ugomvi wa siku nyingi kuhusu nani ameokoka na nani kwao wanakwenda kwa mganga.

Ndiyo maana orodha nimekwambia uiweke kabatini. Sikatai kukariri, mstari uliokaa kichwani humsaidia mtu baadaye. Ila huku kwetu kukariri kumekuwa kwa ajili ya wageni. Mgeni wa kanisa akija, darasa linasimama, linamwaga Zaburi 23 kwa pumzi moja, mgeni anapiga makofi, soda zinafunguliwa. Na mtoto asiyeikumbuka anachapwa. Kumchapa mtoto kwa sababu amesahau kwamba Bwana ni mchungaji wake, hilo mimi limenishinda kabisa, nimesema hata kikaoni.

Watoto wa mwaloni wana maswali ambayo chuoni Butimba hayakuwemo. Ukiwasomea Petro na wenzake walivyohangaika usiku kucha wasipate kitu, wanauliza: "Ilikuwa mbalamwezi?" Maana dagaa huvuliwa kwa taa, mwezi ukiwa mpevu hawaifuati, na mitumbwi inalala ufukweni. Nikiwaambia kwamba Ziwa Galilaya lote ni kilomita za mraba 166 hivi, na letu ni zaidi ya 68,000, wanasema hilo ni bwawa. Nikiwaambia samaki anayeitwa wa Petro kule ni ndugu wa sato, heshima inarudi. Unaona mtoto anaanza kuamini kwamba hawa watu waliishi kweli, walikuwa na njaa, walishona nyavu.

Lililo gumu ni dhoruba. Marko 4. Galilaya iko chini ya usawa wa bahari kwa mita kama 200, imezungukwa na vilima, upepo ukiteremka huko ziwa linachafuka ghafla. Letu nalo radi zake nyingi hupiga usiku, saa ileile wavuvi wako nje. Sasa nina mtoto ambaye baba yake mdogo hakurudi. Siku niliyosoma kwamba Yesu aliukemea upepo, aliniangalia tu, hakuuliza, na nilijua swali lake. Hapa mwaloni kuna jibu linalotembea, kwamba waliozama hawakuwa na imani. Ni jibu baya, na nililisema darasani kwa sauti kwamba ni baya. Hata wale waliokuwa chomboni na Yesu aliwauliza kwa nini hawana imani bado, na ni haohao waliookoka.

Kipindi kilichofuata niliacha mpangilio wa andalio nikaenda kwa Ayubu. Si habari za mali na ngamia. Nilisoma pale marafiki zake walipoketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Watoto wakasema, "Hayo ni matanga." Naam. Wale marafiki walikuwa sahihi kwa siku saba, wakaharibu walipofungua midomo kumweleza kwa nini yamempata. Sikuongeza kitu. Yule mtoto aliandika daftarini ukurasa mzima, na sijamwomba nisome.

Mengine kwa kifupi. Darasa la saba utaporwa vipindi, maana dini haimo kwenye mtihani wa taifa kama Hisabati yako, na wewe mwenyewe ulikuwa mporaji mkubwa, usikatae. Watoto wa Kiislamu, kama wapo, zungumza na wazazi mapema. Wangu wanakaa darasani kwa ridhaa ya wazazi, siwaombeshi sala, na tukifika kwa Yusufu wanawapita Wakristo mbali.

Wewe hapo Makutupora, Dodoma, huna mwalo, ila una mashamba ya zabibu mlangoni. Anza na Yohana 15. Usieleze chochote kuhusu kupogoa. Waulize wanaokwenda shamba na wazazi wao mzabibu hukatwa lini, tawi lipi linaachwa na lipi linaondolewa, na kwa nini lile lililozaa vizuri nalo hukatwa. Kisha soma mstari wa pili, unyamaze. Wakishasema, niandikie maneno yao yalivyo, usiyanyooshe. Nataka kuyasomea darasa langu, maana hawa hudhani hakuna kazi ngumu duniani ila uvuvi.

Dagaa nawatuma kwa basi Ijumaa, kifurushi kina jina la Baba Junior kwa sababu simu yako saa za kazi haipokelewi. Mwambie awahi stendi, wasije wakashinda juani.

Wako,
Mama Eliya