Barua ya wazi kwa walimu vijana wa fasihi

Wanangu,

Nasikia mnalalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi hawafikiri, wanameza madesa tu, yaani notisi za kukariri. Huenda. Lakini swali mliloandika ubaoni lilisema "taja dhamira tano". Anayeambiwa ataje, hutaja.

Chukueni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, iliyotoka mwaka 1969. Kila daftari lina sentensi ileile: "Kinjeketile ni shujaa kwa sababu aliwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani." Si kosa, ila mwanafunzi kaipokea tu. Msimwekee vema mkapita. Mrudisheni pale Kinjeketile, akiwa amepandwa na mzimu Hongo, anaposema watakuwa wana wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Muulizeni: mtu wa kuleta uhuru, mbona anaahidi mtawala mwingine? Kisha nyamazeni. Mwalimu kijana huogopa sana darasa likinyamaza, na hapo ndipo anapotoa jibu mwenyewe akaharibu kipindi kizima. Wakiendelea kusoma watakuta Kinjeketile naye kalishtukia neno hilo, kaingiwa na shaka, na watu wamekwisha kuyaamini maji yake, kwamba yatawakinga na risasi.

Halafu waende mwisho. Yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, anakataa. Ni mwongo? Au ameona kwamba akikana, watoto watakuja kuambiwa wazee wao walikosea kupigana? Kila mmoja achague upande na alete maneno ya wahusika yanayombeba. Akimaliza, aandike aya moja ya kumtetea anayempinga, tena aitetee kwa dhati. Aya hiyo ndiyo msome kwa makini kuliko zote. Ndimo utakapoona nani amesoma tamthilia na nani amesoma madesa.

Lile swali letu kongwe la "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi" sitalisemea sana. Wote huandika "amefaulu kwa kiasi kikubwa", nasi tunatoa alama!

Mtaniambia mtihani unataka hoja zilizozoeleka. Kweli, wafundisheni nazo, hazichukui vipindi vingi. Lakini kwenye mazoezi ya darasani kalamu nyekundu ni yenu. Mwanafunzi akileta hoja isiyomo kwenye mwongozo wenu wa kusahihisha, na ameishikiza kwenye matini, mpeni alama zake zote. Na ikiwa nanyi imewashinda kuipinga, mwambieni hivyo mbele ya wenzake.

Wenu,
Mwalimu mstaafu