Fedha ya korosho ina miguu: barua kwa wanakikundi wenzangu wa Newala

Wanangu na wajukuu zangu wa kikundi,

Marahaba kwa shikamoo zenu zote, pamoja na za wale walioondoka Jumapili kwa hasira bila kuniaga. Mlibishana tangu adhuhuri hadi kivuli cha mkorosho kikahamia upande wa pili, na mliponigeukia mimi nikasema niacheni nikalale nalo. Nimelala nalo siku nne. Mjukuu wangu ananiandikia haya kwenye simu maana vidole vyangu vinabonyeza herufi mbili kwa mpigo.

Neno lenyewe ni zile milioni sita tulizokusanya baada ya malipo ya mnada wa mwisho. Sote tumekubali ziende kwenye hisa na vipande, yaani sehemu za mfuko wa uwekezaji wa pamoja, zisirudi tena kwenye bodaboda ya ushirika iliyotufia mikononi. Mmegombana juu ya lini. Kijana wetu mwenye chati kwenye simu anataka tukae nazo mpaka bei ishuke, "ikishuka tunaingia". Kaka yake anataka zote ziingie kesho asubuhi. Mweka hazina anataka tukate kiasi kilekile kila mwezi, bei iwe juu iwe chini, na ndiye mliyemcheka kwamba anafikiri kama mtu anayelipia king'amuzi.

Nianze na ninachokijua. Nilikaa mizanini kwenye chama cha msingi cha ushirika miaka kumi na tisa. Kila msimu niliwaona watu walewale wakileta nusu ya korosho zao na kuacha nusu nyumbani, wakisema mnada wa kwanza ni wa kuonja. Msimu mwingine mnada wa kwanza ndio uliokuwa na bei, na wa nne ukawa msiba. Msimu mwingine kinyume chake. Mwaka 2017 kilo ilipita shilingi 4,000, watu wakanunua mabati na magodoro, na wengine wakaoa mara ya pili. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei chini ya 3,000, wakulima wa hapa Newala na Tandahimba wakagoma kuuza, na Novemba Serikali ikatangaza kwamba itanunua yenyewe kwa 3,300. Nani kati yetu aliyaona hayo wakati mikorosho iko kwenye maua? Mimi niliyekuwa nashika mizani sikuyaona, na wanunuzi wenye ofisi za viyoyozi hawakuyaona.

Tena mimi mwenyewe nimewahi kuwa mjanja. Msimu mmoja, mwaka siutaji, nilificha magunia saba sebuleni nikisubiri mnada mnono. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza mara moja tu: "Bati lile la kona umeziba?" Nikamwambia nitaziba. Mvua ya Januari ikashuka usiku. Nilipozifikisha ghalani zilikuwa na unyevu, zikashushwa daraja, na bei ya mnada wenyewe nayo ilikuwa imeshuka. Aliyeshika mizani siku ile alikuwa kijana niliyemfundisha kazi mimi. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Mke wangu huyo hakuwahi kusoma chati, ila alikuwa na desturi moja kuhusu dagaa. Kila wiki alitenga shilingi 2,000, hazizidi wala hazipungui. Wiki fungu likiwa 500 alirudi na mafungu manne. Likiwa 400, matano. Likishuka hadi 250 alirudi na manane na kuyaanika mengine, na likipanda tena 500 alirudi na manne bila kulalamika. Hesabuni: wiki nne, shilingi 8,000, mafungu 21. Kila fungu limemgharimu kama 381. Lakini ukichukua zile bei nne za sokoni ukatafuta wastani wake unapata 412 na nusu. Amepata nafuu bila kubahatisha hata siku moja, kwa sababu fedha ileile hununua vingi siku ya bei ndogo na vichache siku ya bei kubwa, yenyewe, bila kuambiwa. Jirani yake aliyekuwa akinunua mafungu matano kila wiki, liwe ghali liwe rahisi, alilipa wastani wa soko kamili. Na yule aliyesubiri fungu lifike 200 watoto wake walikula ugali na chumvi.

Ndicho anachosema mweka hazina wetu, ila yeye alikisema kwa maneno ya semina.

Sasa kwako wewe mwenye chati. Nakupenda, na najua unakesha na ile simu. Umetuonyesha hisa za benki ya CRDB, basi tuzitazame hizohizo, bila kumwambia mtu akazinunue. Mwaka 2009 ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150. Zikapanda miaka kadhaa, kisha zikashuka, na mwaka 2019 zilifika chini ya 100. Mwaka 2024 zilikuwa zimepita 500. Wewe unasema: ona, tungenunua ile 2019! Mwanangu, 2019 nilikuwa na rafiki zangu wawili, wastaafu kama mimi, waliokuwa wakisubiri bei ishuke tangu ilipokuwa juu. Ilipofika chini ya mia waliniambia, "Achana nayo, imekufa hiyo." Bei ikiwa chini haiji na tangazo kwamba hapa ndipo mwisho. Inakuja na habari mbaya na watu wanaokimbia, na wewe uliyejiapiza kuingia unajikuta unakimbia nao. Anayengoja bei ishuke mara nyingi huwa anangoja ujasiri, nao siku ile haupo.

Siwezi kuwa mzee mwenye haki nikamnyima kaka yako haki yake. Mjukuu wangu anayesoma uhasibu amenisomea utafiti wa kampuni ya Vanguard ya Marekani wa mwaka 2012. Walipima masoko ya Marekani, Uingereza na Australia, wakalinganisha mtu mwenye fungu la fedha mkononi anayeliweka lote siku moja na yule anayeligawa kidogo kidogo. Yule wa mara moja alishinda kama mara mbili katika kila tatu. Sababu yake ni nyepesi: masoko yale kwa miaka mingi yamepanda kuliko yalivyoshuka, hivyo fedha iliyokaa nje inakosa kupanda huko. Kwa hiyo anayesema "zote kesho" si mwendawazimu. Hesabu iko upande wake.

Ila kuna ile mara moja katika tatu. Soko la hisa la Tokyo lilifika kileleni mwishoni mwa mwaka 1989, kipimo chao cha Nikkei kikigota karibu na 38,900, kisha likaporomoka. Kilele kile hakikuvukwa tena mpaka Februari 2024. Aliyetia zote Desemba ile alingoja miaka thelathini na minne kuiona namba yake tena. Aliyekuwa akitia kidogo kila mwezi miaka yote ile aliokota nyingi sana kwa bei za chini na hakuhitaji kilele kirudi ndipo apate faida. Na hatuhitaji kwenda Japani. Mnakumbuka Mtwara mjini miaka ya gesi, mwaka 2012 na 2013, bomba la kwenda Dar es Salaam linajengwa na kila mtu ana binamu anayeuza kiwanja? Niliweka kiinua mgongo changu chote kwenye kiwanja kimoja, siku moja. Kiwanja kipo. Nyasi zake ni nzuri, mbuzi wa watu wanazifurahia.

Kikundi chetu kina watu ishirini na watatu. Tukitia zote kesho na bei ikashuka robo ifikapo Aprili, nawajua kwa majina watakaokuja kwangu usiku kudai chao. Kikundi kitavunjika kabla bei haijarudi. Hapo ile mara mbili katika tatu haitatusaidia kitu, maana faida anaipata aliyebaki.

Lakini jambo linaloninyima usingizi ni jingine, na ajabu Jumapili hakuna aliyeligusa. Mnabishana kana kwamba milioni sita zikikaa zinasubiri zitakaa. Wanangu, fedha ya korosho ina miguu. Mimi nimeiona ikitoka ghalani Desemba na Machi haipo, na mwenyewe hawezi kukutajia ilikopita. Kuna unyago wa mpwa, harusi, pikipiki ya shemeji na msiba wa Masasi unaohitaji basi mbili. Mkikaa na fedha ile mpaka chati iseme "sasa", hakutakuwa na cha kutia chati itakaposema. Soko silihofii kama ninavyolihofia lile sanduku lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake zote ziko mtaa mmoja.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Milioni moja na nusu isiende sokoni kabisa. Iwe ya dharura ya wanachama, ya mtoto aliyelazwa au ada iliyokwama. Mnajua kwa nini watu wetu wanauza kangomba: korosho bado ua, mtu anampa mchuuzi shamba zima kwa bei ya kutupa kwa sababu ana shida leo. Mwenye hisa asiye na akiba naye atauza kangomba. Atalazimika kuuza wiki ileile bei ilipolala, na zile hesabu zote za dagaa zitakuwa za bure.

Zinabaki milioni nne na nusu. Laki tano kila mwezi kuanzia Februari zinakwisha Oktoba, minada mipya ikifunguliwa. Miezi tisa. Siko radhi na miezi ishirini na nne aliyoitaja mweka hazina. Hapo uangalifu unageuka woga, na zile tulizoziacha nje zinatukosesha kama Vanguard walivyoonyesha. Zinazosubiri zamu zisikae sandukuni. Ziwekwe kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, uliotengenezwa kwa fedha ya kukaa muda mfupi, na kila tarehe tano zihamishwe laki tano kwenda tulikokubaliana. Mimi napendelea nyingi ziende Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, kwa sababu ndani yake kuna hisa na hatifungani, yaani mikopo yenye riba kwa Serikali na kampuni, za aina nyingi. Kwenye hisa za kampuni mojamoja tuweke kiasi ambacho kijana wetu wa chati anaweza kuchezea bila kutuua. Dalali wa hisa anakata asilimia yake kila mkinunua, basi msinunue vya elfu kumi kumi kila wiki. Na yeyote atakayewaletea mpango unaoahidi faida ya kudumu kila wiki, mwulizeni leseni yake ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kabla hamjampa maji ya kunywa.

Baada ya Oktoba ianze michango ya kila mwanachama, elfu kumi kila mwezi, hata mwezi wa njaa tunaokula ming'oko, ile mizizi ya porini. Anayeona elfu kumi ni nzito aandike elfu tano, lakini aandike namba ambayo hataibadilisha kwa furaha wala kwa huzuni. Na siku bei itakaposhuka kwa kishindo, mkutano usiitishwe. Nasema hivyo kwa makusudi. Tarehe tano ikifika fedha iende, tukutane mwisho wa mwezi kama kawaida.

Mnaona ugumu wapi? Wote mnapulizia mikorosho salufa. Hakuna kati yenu anayesubiri aone ugonjwa wa ubwiriunga umetanda ndipo akakope mashine. Juni ikiingia mnahesabu siku, mnapiga raundi ya kwanza, mnahesabu tena, mnapiga ya pili. Raundi nyingine kumbe haikuhitajika sana, nyingine ndiyo iliyookoa shamba, na wakati wa kupulizia hamkujua ipi ni ipi.

Kijana wangu wa chati, usinune. Tunakuhitaji. Wewe ndiwe utakayesoma taarifa za mwaka za kampuni na kutuambia kama bado inauza, inapata faida na inatoa gawio, maana kununua kila mwezi kitu kinachooza ni kuoza kila mwezi. Kazi hiyo ina maana kuliko kubashiri Jumanne ijayo.

Jumapili nitakuja na daftari langu la zamani la mizani, bei za minada ya misimu kumi na tisa kwa mwandiko wangu. Atakayekaa nalo akanionyesha kanuni ya mnada upi huwa mnono nitampa kile kiwanja cha Mtwara. Mweka hazina alete fomu, katibu alete muhuri. Na aliyeazima ngazi yangu tangu mwaka jana airudishe, bati la kona limeanza tena.

Mzee wenu wa mizani,
Newala