Mjomba, presha yako siyo mawazo tu

Mjomba, shikamoo.

Jumapili ulipokata simu nilibaki nimeishika mkononi. "Presha yangu ni mawazo tu, nikitulia itashuka," ulisema, kisha ukaanza kuulizia watoto kana kwamba kesi imefungwa. Nimeona nikuandikie hapa hapa hadharani, bila jina lako, kwa sababu wajomba wanaosema hivyo wako wengi, na kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza ninachotaka kusema.

Sikatai, mawazo yanapandisha presha. Ukigombana na mtu inapanda, ukikimbia inapanda, hata ukimwona daktari na kifaa chake inapanda. Lakini hiyo ni ya kupanda na kushuka. Yako imeganda 160 kwa 100 tangu mwaka jana, uwe umekasirika au umeshinda kitandani. Presha ya namna hiyo ina mahali inapolindwa, na mara nyingi mahali penyewe ni huko mgongoni, usawa wa mbavu za chini, kila upande na kiungo chake chenye ukubwa wa ngumi. Nasema figo.

Mimi ni mtu wa maabara, si daktari, kwa hiyo sikuandikii dawa. Ninachokijua vizuri ni mkojo. Cheka ukimaliza tuendelee.

Figo zako mbili zikiwekwa pamoja kwenye mizani hazifiki nusu kilo. Hata hivyo, kila dakika zinapokea zaidi ya lita moja ya damu, yaani karibu sehemu moja ya tano ya yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku moja zinachuja kama lita 180 za majimaji, na wewe unakojoa lita moja na nusu, labda mbili. Mengine yote yanarudishwa kwenye damu. Lakini hesabu inayonishangaza mimi ni ya chumvi. Katika hizo lita 180 mna chumvi inayokaribia kilo moja na nusu, na inayotoka kwenye mkojo kwa siku haizidi gramu chache. Zaidi ya asilimia 99 inaokotwa na kurudishwa, kila siku, bila wewe kujua. Sasa figo ikizoea kurudisha chumvi kidogo tu kupita kiasi, chumvi hiyo itashikilia maji, maji yataongeza ujazo wa damu, na presha itapanda. Moyo wenyewe hauna kosa, unasukuma kile ulicholetewa.

Alikuwepo mtaalamu wa Marekani, Arthur Guyton, aliyefanya kazi Mississippi na kutumia sehemu kubwa ya maisha yake kulipigia hesabu jambo hili. Hoja yake ni nyepesi kuielewa. Presha ikipanda, figo yenye afya hutoa chumvi na maji zaidi kwa njia ya mkojo, mpaka presha irudi ilikokuwa. Kwa hiyo presha haiwezi kukaa juu miaka na miaka kama figo haijaridhia. Lazima iwe imejiwekea kiwango kipya na kukiona ndicho cha kawaida. Wapo wanaobishana naye juu ya nani anaanza, mishipa, neva au figo, na ubishi huo haujaisha. Mimi kilichonishawishi ni wagonjwa sita walioripotiwa na madaktari wa Marekani mwaka 1983. Presha ilikuwa imeziua figo zao kabisa. Wakapandikizwa figo za watu wasiokuwa na presha, na miaka kadhaa baadaye presha zao zilikuwa za kawaida. Mtu ni yule yule, na mawazo yake ni yale yale.

Tena figo haikai kimya ikisubiri kuletewa damu, inatoa amri. Mlangoni mwa kila kichujio kuna seli zinazopima msukumo wa damu inayoingia. Zikihisi umepungua, zinamwaga kitu kinachoitwa renini. Renini inakata protini iliyotoka kwenye ini, kipande kile kinakwenda kukatwa tena, hasa mapafuni, na kinachopatikana ni angiotensini. Hiyo angiotensini inabana mishipa mwili mzima, halafu inaiamsha tezi iliyokaa juu ya figo kama kofia itoe aldosteroni, na aldosteroni inairudia figo na kuiambia: bakiza chumvi. Umeona mzunguko ulivyo? Amri imetoka kwenye figo, imepita ini na mapafu, na imerudi kwenye figo.

Renini yenyewe iligunduliwa Stockholm mwaka 1898. Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Bergman walikamua figo za sungura, wakawachoma sungura wengine ule ukamuo, na presha ikapanda. Kwa miaka mingi hakuna aliyelitilia maanani. Mwaka 1934, Harry Goldblatt, huko Cleveland, aliwawekea mbwa kibanio kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye figo, akaubana kidogo, asiuzibe. Presha ikapanda na kubaki juu. Figo iliyopunjwa damu inadhani mwili mzima umeishiwa, kwa hiyo inapiga kelele ya renini, na mwili unatii. Kwa binadamu kibanio hicho huwekwa na mafuta yanayoganda kwenye mshipa wa figo, hasa kwa watu wazima waliovuta sigara miaka mingi. Wewe umeacha, nashukuru, lakini miaka 20 uliyovuta nayo uitaje kwa daktari.

Upande wa pili ndio unaonikosesha usingizi. Figo inayopandisha presha ndiyo hiyo hiyo inayoumizwa nayo. Kikulacho ki nguoni mwako, isipokuwa hapa hata nguo nayo inaliwa. Kila figo ina vichujio vinavyokaribia milioni moja, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, na kikifa kimoja hakioti kingine. Presha inavipiga, vinapata makovu, vinafungwa. Vinavyobaki vinabeba kazi ya wenzao, vinachoka mapema, chumvi inazidi kubaki mwilini, presha inapanda tena. Na haya yote hayaumi! Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake akiwa anatembea, anacheka, na anamwambia mpwa wake kwenye simu kwamba yuko sawa.

Mara ya mwisho nilipokuja ulivua viatu ukakaa kwenye kiti chako. Mpira wa soksi ulikuwa umeacha alama ya kubonyea kuzunguka mguu mzima, na ulipoondoka kwenda kulala ilikuwa bado ipo. Usiku nilisikia mlango wa choo mara tatu. Inawezekana hiyo ya choo ni tezi dume, kwa umri wako siyo ajabu, na miguu huvimba kwa sababu nyingi. Ila mtu mwenye presha ya 160 akiwa na vyote viwili, mimi siwezi kukaa nikijifanya sikuona.

Halafu vile vidonge vya goti. Nimeviona kwenye mfuko wa shati lako, karatasi yake ya fedha imebaki tundu mbili tu. Diklofenaki na ndugu yake ibuprofeni hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazoacha wazi mlango wa damu kuingia kwenye vichujio vya figo. Ukizizuia kila siku, mlango unabana, chumvi inabaki, presha inapanda, na dawa ya presha inaonekana haifanyi kazi. Kidonge cha siku moja moja ni jambo jingine. Wewe unavimeza kila asubuhi mwezi wa nne sasa, na nina hakika hukumwambia daktari, kwa sababu kwako hiyo siyo dawa, ni "cha goti".

Cha presha nacho umeacha, kisa kikohozi. Hapo nakuelewa, kikohozi kikavu cha usiku kinachosha. Lakini kikohozi hicho kinajulikana. Kidonge chako ni cha ile jamii ambayo majina yake huishia na "prili", inayozuia angiotensini isitengenezwe. Asili yake inachekesha kidogo: ya kwanza, kaptoprili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil ambaye akimuuma mtu presha yake huporomoka. Ipo jamii nyingine, ya kina losatani, inayozuia angiotensini isifanye kazi, na hiyo kikohozi ni nadra. Ungerudi ukasema unakohoa, ungebadilishiwa kwa dakika tano. Jamii zote mbili zinapunguza pia msukumo ndani ya vichujio vyenyewe, ndiyo maana madaktari huzipendelea kwa mtu ambaye mkojo wake una protini. Wiki moja au mbili baada ya kuanza hupimwa damu, kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) na potasiamu. Usije ukakimbia kreatinini ikipanda kidogo mwanzoni, mara nyingi hilo hutarajiwa. Daktari atakwambia kama ni kidogo au siyo.

Sasa kipimo. Kuna kijiti cha karatasi ngumu chenye vibox vya rangi, tunakichovya kwenye mkojo na kuhesabu sekunde. Kibox cha protini huanza na rangi ya njano. Kikibaki njano nafurahi. Kikianza kugeuka kijani, najua kichujio kinavuja kitu ambacho hakikupaswa kupita, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo kinavyovuja zaidi. Damu nayo inapimwa kreatinini, lakini namba ile peke yake hudanganya, hasa kwa mzee mwembamba. Inapigiwa hesabu pamoja na umri na jinsia ili kupata kiwango cha uchujaji. Kikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, huo tayari ni ugonjwa wa figo. Umepimwa presha mara ngapi, mjomba? Hamsini? Mkojo wako haujawahi kupimwa hata mara moja, na katika hilo hata sisi tulio karibu nawe tuna lawama.

Alhamisi niko zamu ya asubuhi. Mkojo wa kwanza ukiamka, mwanzo wake uuache uende, kinga wa katikati, kikopo nilikuachia juu ya kabati. Usitie kwenye chupa ya maji. Vidonge vyote uje navyo tukaonane na daktari, hata hivyo viwili vilivyobaki kwenye mfuko wa shati.