Si saruji iliyoibwa, ni barafu

Mhariri,

Msomaji wenu aliyekuja kumtembelea mwanawe huku Minnesota ameandika kwamba aliona baraza za maduka na njia za magari majumbani zimebanduka hadi kokoto ziko nje, akahitimisha kuwa kumbe hata mafundi wa Marekani huiba saruji. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi ni mwashi, kazi nimejifunzia Ngamiani, Tanga, na zege bovu kupita yote niliyowahi kuona hapa Minneapolis nililimwaga mwenyewe, kwenye njia ya gari mbele ya nyumba yangu. Saruji sikuiba hata kijiko.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba 2019. Nilipopiga simu kuagiza lori la zege, aliyepokea akaniuliza: lenye hewa au lisilo na hewa? Nikaona ananitania. Tangu nikiwa kibarua nimefundishwa kulichoma zege kwa nondo na kugonga mbao za kando ili hewa itoke, leo nilipie kuwekewa hewa? Nikamjibu lisilo na hewa, tena kwa sauti ya mtu anayejua kazi. Lori lilipofika nikaona zege ni zito, nikamwambia dereva aongeze maji. Akaniuliza kama nina hakika, akanipa karatasi nisaini. Nikasaini.

Jioni nikapiga niru, yaani saruji laini ya kung'arisha juu. Iling'aa utadhani sebule ya bibi harusi. Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, alisimama na mbwa wake akatazama kwa muda, akasema tu, "Laini mno." Nikadhani ananisifu.

Majira ya baridi yakaingia, nami nikawa namwaga chumvi kila theluji inapoanguka. Kufika Machi, chepe langu la theluji likaanza kuzoa zege. Lilikuwa likibanduka vipande vyembamba kama ukoko wa wali, juu niru bado inang'aa, chini unga mtupu.

Kilichotokea ni hiki. Zege lina vinyweleo, nalo hunywa maji. Maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9, na yasipopata pa kuvimbia hulipasua zege kutoka ndani. Baridi kali ya Januari peke yake haina madhara makubwa kama watu wanavyodhani, kwa sababu kinachoganda hubaki kimeganda. Mwezi mbaya ni Machi: mchana theluji inayeyuka na zege linakunywa, usiku linaganda, kesho tena. Chumvi nayo huongeza balaa, maana hulifanya zege libaki limelowa na kuzidisha huko kuyeyuka na kuganda. Ile hewa niliyoikataa ni vipovu vidogo mno, kama asilimia 6 ya zege, vinavyowekwa kwa dawa ili maji yakivimba yapate pa kukimbilia. Siyo yale mapango tunayoyaogopa Tanga. Maji niliyoongeza yalidhoofisha zege (na hili hata nyumbani ni kosa lile lile, sema kule halikuumbui upesi), na niru ikafanya ngozi ya juu kuwa dhaifu kuliko tumbo.

Msomaji wenu akija tena, ninamwomba atazame kitu kimoja. Baraza likiwa limebanduka, aangalie sehemu iliyo chini ya paa, ambako theluji na chumvi hazifiki. Mara nyingi atakuta zima kabisa, na ni zege lile lile, lilimwagwa siku ile ile. Mwizi wa saruji hachagui kuiba nje ya mchirizi wa paa tu.

Wenye maduka ninawaonea huruma kuliko sisi wa majumbani. Jiji hili humpa mwenye nyumba saa 24 baada ya theluji kukoma awe amesafisha njia ya waenda kwa miguu, lakini mwenye biashara hupewa muda wa saa 4 tu za mchana. Kwa haraka hiyo anamwaga chumvi kwa ndoo, hata siku ambazo baridi imeshuka chini ya nyuzi 9 hasi, ambapo chumvi ya kawaida karibu haifanyi kazi. Siku kama hizo mchanga unatosha, miguu haitelezi na zege halidhuriki.

Kiangazi cha 2020 nilijaribu kupiga plasta juu ya pale palipobanduka. Baridi moja tu, plasta yote ikaja juu. Juni 2021 nikakodi nyundo ya umeme nikabomoa kila kitu, mgongo uliniuma wiki nzima. Chini nilikuta udongo wa mfinyanzi uliojaa maji, ambao nao ukiganda huvimba na kuinua zege. Huku msingi wa nyumba hushushwa inchi 42, zaidi ya mita moja, kuikwepa baridi ya ardhini. Njia ya gari huwezi kuichimba hivyo, kwa hiyo nikaondoa udongo, nikashindilia kokoto inchi 6 zipitishe maji, na juu yake zege inchi 5. Safari hii lenye hewa. Dereva hakunipa karatasi, kwa sababu sikuomba hata kikombe cha maji. Mteremko ni robo inchi kwa kila futi, kuelekea mbali na nyumba. Mikato kila futi 10, ili likipasuka lipasukie pale ninapotaka mimi. Nikasubiri maji yaliyopanda juu yakauke yenyewe, kisha nikapitisha ufagio. Ufagio, Mhariri, juu ya kazi ya mwashi wa Tanga! Mikono ilikuwa inawasha kutafuta mwiko. Baridi ya kwanza sikumwaga chumvi hata punje, mchanga tu.

Mpaka leo halijatoa unga. Yule mzee alipita tena na mbwa wake, akalikwaruza kwa soli ya kiatu, akaitikia kwa kichwa.

Kipande kimoja cha lile la zamani nilikibakiza, kilichokuwa chini ya ukingo wa paa. Niru yake bado inang'aa. Ndicho kinachozuia mlango wa gereji usijifunge.

Mwashi wa Ngamiani,
Minneapolis, Minnesota