Barua kwa mwanangu: ile bunduki ya mitutu mitatu

Mwanangu Elia,

Nimeikuta karatasi yako juu ya friji: “Mama, Jumamosi naomba drilling ya babu kwenye msako.” Nakujibu nikiwa zamu ya usiku. Wazee wamelala, isipokuwa yule bibi wa chumba cha mwisho anayepiga kengele kila mara kuniuliza ni saa ngapi.

Jibu ni hapana. Ila umeshatimiza miaka 18, na kibali cha uwindaji cha vijana ulikuwa nacho tangu una 16, kwa hiyo si haki nikukatalie halafu nikae kimya.

Drilling, unajua, maana yake ni pacha watatu. Mitutu miwili ya juu imelala ubavu kwa ubavu, ya marisau, vile vipunje vingi vya risasi; upana wake wanauita geji 16. Chini yake, katikati, umejificha mtutu mmoja wa raifo, unaokula risasi aina ya 7x65R. Ilitengenezwa hapa hapa Suhl, mji wa mafundi wa bunduki, na ukiitoa mitutu kwenye kitako utaona chini yake mhuri wa ukaguzi, mwezi na mwaka: 1934. Babu yako, baba wa baba yako, aliinunua baada ya Ujerumani mbili kuungana. Enzi za DDR, ile Ujerumani Mashariki, bunduki nyingi za uwindaji hazikuwa mali ya mwindaji. Ziliwekwa mahali pamoja, unaazimwa, unarudisha. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu alipopata bunduki ya kwanza ya kwake. Baba yako alinisimulia kwamba wiki nzima mzee aliipapasa kama mtu aliyerudishiwa shamba lake.

Kwetu Lushoto wangeielewa mara moja bunduki hii. Mahindi yakikomaa, babu yako wa upande wangu alikuwa akilala kwenye dungu na gobore lake. Usiku haukupi taarifa: anaweza kuja nguruwe, anaweza kuja nungunungu, anaweza kuja mla mahindi wa miguu miwili. Gobore lilikuwa na jibu moja kwa wote, nalo mara nyingi lilikuwa moshi mtupu. Wajerumani nao hukaa kwenye dungu, wao wanaliita Hochsitz, na shida yao ilikuwa ile ile. Umekaa jioni unamngoja Reh, yule paa mdogo wa huku, mara hatua ishirini anapita mbweha. Kwa mbweha wa karibu unataka marisau. Kwa Reh aliyesimama mita mia unataka risasi moja iliyotulia. Huna muda wa kubadilisha bunduki, wala huna mikono minne. Ndipo mafundi wa Kijerumani wakaiunganisha mitutu yote kwenye kitako kimoja.

Sasa sikiliza hapa. Mitutu mitatu, triga mbili. Triga ya nyuma ni ya mtutu wa kushoto, haina maneno. Ya mbele ndiyo yenye ndimi mbili. Kwa kawaida inafyatua mtutu wa kulia, wa marisau. Ukisukuma mbele ile swichi iliyoko shingoni mwa kitako, triga hiyo hiyo inahamia kwenye raifo, na hapo hapo kibanzi cha kulengea kinainuka juu ya mitutu. Kidole ni kile kile na triga ni ile ile. Lakini marisau ya milimita 3 hukomea kama mita 300, na risasi ya 7x65R hupita kilomita 3 bila kuchoka.

Hili sijawahi kukusimulia. Ulikuwa bado darasa la pili. Alfajiri nilikuwa nimekaa dunguni nikingoja nguruwe mwitu, raifo tayari, swichi mbele. Hawakuja. Saa tatu nikashuka moja kwa moja kwenye msako wa sungura kule bondeni, mashamba yamekauka kwa baridi. Darubini nilikuwa nimeivua. Risasi sikuitoa mtutuni, na swichi sikuirudisha. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia vidole vilikuwa vimekufa ganzi, lakini huo ni uongo wa kujifariji. Nilisahau.

Sungura akatokea kwenye mfereji, anakimbia ananikata mbele. Nikamfuata na mitutu, nikabana triga ya mbele. Mlio ulikuwa mwembamba, mkali, si ule wa kwenye marisau. Bonge la udongo ulioganda likaruka nyuma ya sungura, na nyuma ya udongo ule, mbali, kulikuwa na fulana za machungwa za wafukuzaji, wale wanaowatimua wanyama kuelekea kwa wawindaji. Ndipo nikakiona kibanzi. Kilikuwa kimesimama mbele ya jicho langu muda wote ule.

Hakuna aliyeumia. Mzee aliyesimamia msako alinijia taratibu, akaniomba nifungue bunduki, akachomoa lile ganda, akalitia mfukoni mwake. Hakufoka. Nilikaa kwenye gari mpaka jioni, na kwa miaka miwili hakuna aliyenialika popote. Walikuwa sahihi.

Kwa hiyo Jumamosi, kwenye watu na mbwa na kelele, hapana. Wapo wanaoibeba drilling kwenye misako na hawajawahi kukosea, mimi nimekosea.

Mengine ya bunduki hii ni madogo, ila uyajue kabla sijafa nayo. Vyumba vyake vya marisau, pale ganda linapokaa, ni vya milimita 65, vya zamani. Maganda ya marisau ya milimita 70 yanayouzwa sasa yanaingia vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo: mdomo wa ganda unapofunguka kwa mlipuko hauna nafasi. Boksi letu la maganda ya 65 lina alama nyekundu niliyoichora mwenyewe. Marisau ya chuma usiitie kamwe, mitutu haikukaguliwa kwa hayo. Ndiyo maana kwenye mabwawa ya bata, ambako sheria ya Ulaya imekataza marisau ya madini ya risasi tangu 2023, mimi naiacha kabatini. Na ukipiga raifo mara mbili tatu mfululizo, risasi zinapanda juu, kwa sababu mitutu imeunganishwa kwa lehemu na joto linaivuta. Si macho yako. Ngoja ipoe.

Jumamosi utachukua raifo yangu ya boliti. Hati ya kuazima nitakuandikia, na kabati nitalifungua mwenyewe alfajiri, kwa hiyo usihangaike kutafuta ufunguo. Ukipata nguruwe, kipande cha kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, na cha mguu wa mbele viende kupimwa minyoo kabla hujafikiria mchuzi.

Drilling tutatoka nayo Jumapili jioni, sisi wawili, kwenye dungu la juu ya kijito. Utaibeba wewe. Giza likiingia nitakuuliza swichi iko wapi, nawe utanijibu kwa kidole gumba bila kuangalia. Nitakuuliza mara nyingi, baba, uvumilie. Siku nitakapochoka kuuliza tutakwenda kuiandikisha kwa jina lako.

Maharage yako kwenye sufuria ndogo. Usiyamalize, narudi saa kumi na mbili na nusu na njaa yangu.

Mama