Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kupima Glukosi kwa Chembe Ng'avu za Kaboni

Ndugu wanachama,

Kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa kukubaliana njia moja ya kupima glukosi (sukari) kwa chembe ndogo mno za kaboni zinazong'aa, ili matokeo ya Kampala yalingane na ya Mbarara. Mambo ya fedha ataeleza mhazini.

Mapishi ya chembe yaliyopitishwa: asidi ya sitriki gramu 1.05 (ndimu ya unga ya dukani ni ya mazoezi tu) na ethilinidiamini mikrolita 335 katika maji safi mililita 10, nyuzi 200 kwa saa 5, ndani ya chombo cha chuma chenye kikombe cha Tefloni. Kikombe kisijae kupita theluthi mbili, wala kisifunguliwe kabla hakijapoa kabisa. Umeme ukikatika katikati, mzigo huo usichanganywe na mwingine. Mwangaza wake hautalingana.

Kinachotuponza zaidi ni usafishaji. Maji yanayotoka ovenini hung'aa buluu kali chini ya taa ya nanomita 365, na wengi huridhika hapo. Kumbe sehemu ya mwanga huo ni ya molekuli ndogo, si ya chembe. Chujeni kwa kichujio cha mikromita 0.22, kisha mfuko wa dialisisi wa daltoni 1,000 (utando unaopitisha molekuli ndogo na kubakiza chembe), mkibadilisha maji mara kwa mara.

Katika kipimo, oksidesi ya glukosi, kimeng'enya kinachofanya kazi juu ya glukosi, hutoa haidrojeni peroksidi. Hiyo hugeuza chuma cha Fe²⁺, kilicho katika maji ya chuma tunayoongeza, kuwa Fe³⁺, nayo hufifisha mwanga wa chembe. Basi mwanga ukishuka, glukosi imepanda, au maji ya chuma yameharibika. Yatengenezwe siku ileile: yakiwa kijani hafifu, tumia, yakielekea rangi ya kutu, mwaga. Bafa (maji ya kutuliza pH) iwe ya asetati, pH 5.5, maana fosfeti huking'ang'ania chuma. Glukosi ya kulinganishia ilale majini usiku kucha: unga mkavu aghalabu ni glukosi ya umbo la alfa, na kimeng'enya hutaka umbo la beta, ambalo hutokea ikikaa majini. Vitamini C nayo humaliza peroksidi, hivyo mwenye sukari nyingi aweza kuonekana mzima.

Kwa sababu hiyo kamati haijakiruhusu kipimo hiki kwa wagonjwa. Kwa utafiti, tunapokea seramu (maji ya damu yasiyo na seli) iliyozimuliwa tu. Iliyoingia wekundu irudishwe, himoglobini hufyonza mwanga. Kila bamba la vipimo liwe na kisima (kishimo cha sampuli) kisicho na kimeng'enya, cha kulinganishia.

Mkutano unaombwa kupitisha ununuzi wa pamoja wa kimeng'enya. Kikigawanywa kwenye vichupa vidogo na kuhifadhiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, hakutakuwa na haja ya kuyeyusha chote kila mtu anapopima.