Katalogi kwanza, vishikwambi baadaye

Ndugu Mhariri,

Msimu wa bajeti ukifika, mipango ya kuboresha maktaba za umma huanza na vishikwambi na kompyuta za wasomaji. Naomba fedha za kwanza ziende kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba. Kitabu kisicho na rekodi sahihi hakipatikani, hata kiwe rafu ya pili kutoka mlangoni.

Programu ya kuendeshea katalogi ipo na haidai ada ya leseni: Koha, iliyozaliwa katika maktaba za Horowhenua, New Zealand, na kutolewa bure mwaka 2000. Kompyuta moja ya kawaida yenye RAM ya GB 8 yatosha kuwa seva ya maktaba ya wilaya. Gharama kubwa ni kazi ya watu, na hapo ndipo miradi inapokwama. Vibarua huletwa wachape kila kitabu upya, mwandishi mmoja akaandikwa kwa namna tatu, na msomaji anayemtafuta akaonyeshwa sehemu tu ya vitabu vyake.

Kuchapa kote huko si lazima. Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya na kuorodhesha vitabu vya ukanda wetu, vya Kiswahili vikiwemo. Rekodi zake huchukuliwa bure kwa njia ya Z39.50, utaratibu wa kompyuta za maktaba kupeana rekodi, uliomo ndani ya Koha: ingiza ISBN (namba ya kimataifa ya utambulisho wa kitabu), chagua rekodi, hifadhi. Kitabu cha kabla ya miaka ya 1970 hakina ISBN, hivyo tafuta kwa jina la kitabu na la mwandishi, kisha linganisha mwaka na idadi ya kurasa. Vinginevyo utabeba rekodi ya toleo jingine. Majina yetu ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi. Mkiamua “Robert, Shaaban”, liwe hilo kila mahali, na “Shaaban Robert” liwekewe rejeo linalompeleka msomaji huko. Fasihi ya Kiswahili yote huangukia 896.392 katika Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, kwa hiyo bila herufi tatu za jina la mwandishi kwenye mgongo wa kitabu rafu hiyo haipangiki.

Lebo za msimbopau zichapwe kwa printa ya leza. Wino wa maji huchuruzika kwa unyevu wa pwani, na karatasi ya risiti hufifia hadi mashine ishindwe kuisoma. Namba zianze na tarakimu za maktaba husika, ili siku katalogi za mkoa zikiunganishwa zisigongane. Umeme ukikatika, daftari la mezani liandikwe namba ya kitabu, namba ya mwanachama na saa, na yote yaingizwe siku hiyohiyo.

Linalonisikitisha zaidi ni nakala rudufu za katalogi yenyewe. Koha iliyosimikwa kwa vifurushi vya Debian (mfumo endeshi wa bure wa kompyuta) hujitengenezea nakala kila usiku, lakini huiweka kwenye diski ileile ya seva. Diski ikifa, kazi ya miaka imekufa nayo. Zinatakiwa diski mbili za nje za kupokezana kila wiki, moja ikilala nje ya jengo, na kila robo mwaka nakala ijaribiwe kurejeshwa kwenye kompyuta nyingine.

Halmashauri zinazopanga kununua vishikwambi mwaka huu zitenge kwanza mshahara wa mkutubi mmoja wa kusimamia rekodi hizi, na zimwache kazini hata mradi ukiisha.

Mkutubi,
Tanga